Mstari wa Tope katika Pango la Isenda

Inamahoro Nimbona alikuwa akiufunga mche wa jiwe, kipande kirefu walichokitoboa kwa kekee, ndani ya turubai aliposikia sauti ya pango imebadilika. Tangu waingie, sauti ilikuwa moja tu: matone yakidondoka gizani, moja hapa, jingine kule, kila moja kwa wakati wake. Sasa nyuma ya matone hayo palikuwa na mngurumo mzito, kama wa lori la tumbaku linapopanda kilima kwa mbali.

"Fundi, unasikia?"

Adinani alikwisha kuizima kekee. Alikuwa amepiga goti, kichwa amekielekeza kule walikoingilia, taa ya kofia yake ikimulika sakafu yenye unyevu. Mtu aliyechimba visima nusu ya umri wake huyasikiliza maji kwanza kabla ya kuyasemea.

"Mto umeingia pangoni," alisema. "Acha kila kitu, dada. Twende."

Inamahoro aliacha kila kitu isipokuwa ule mche, akaufunga mgongoni kama mtoto. Waliteremka mbio kwenye chumba cha chini hadi mahali pango linapojibana. Hapo palikuwa na njia moja ya kutokea, kishimo cha kutambaa kilichoinama katikati kisha kuinuka upande wa pili, na wenyewe walikiita koo. Asubuhi walikipita kwa matumbo wakichekana. Sasa hakikuonekana. Maji ya rangi ya udongo yalibubujika kutoka ndani yake yakileta majani makavu na povu, na kamba waliyoifunga asubuhi ilizama ndani ya maji hayo huku ikitetemeka.

"Mbingu ilikuwa nyeupe," Inamahoro alisema. "Mvua zenyewe hazijaanza."

"Hapa hazijaanza. Huko juu mto unakotoka, nani ajuaye."

Maji yaliwafika magotini wakiwa bado wanatazama. Walirudi nyuma, wakapanda tena kwenye kibaraza cha mwamba walikokuwa wakifanya kazi, mahali pa juu kuliko pote mle ndani. Kilikuwa chembamba, na dari yake ilimlazimisha Adinani kuinama. Katikati yake ilisimama nguzo nyeupe ya chokaa iliyofika kiunoni mwa mtu, kichwani ina tundu bichi la kekee.

Nguzo ile ndiyo iliyowaleta. Inamahoro alizaliwa Ulyankulu, kwa wazazi waliokuja kutoka Burundi wakiwa wadogo, akasoma hadi akawa mtaalamu wa miamba katika chuo kimoja Dar es Salaam. Kazi yake ilikuwa kuuliza mawe habari za mvua. Tone la maji likipenya mwamba wa chokaa hubeba chembe za mwamba huo, na likianguka pangoni huziacha sakafuni. Chembe juu ya chembe, karne baada ya karne, jiwe huota kwenda juu. Miaka ya neema huacha alama yake humo, miaka ya ukame yake. Tena ndani ya chokaa mna madini ya urani kidogo sana, ambayo hugeuka kuwa madini mengine, thori, kwa mwendo usiobadilika, hivyo mwenye mashine ifaayo akivipima viwili hivyo huweza kusema tabaka hili ni la lini. Pango la Isenda, magharibi ya Urambo, lilikuwa karibu na njia ya misafara iliyokwenda Ujiji. Wapagazi walilala humo zamani. Masizi ya mafiga yao yalikuwa bado darini karibu na mlango.

Adinani alikuwa fundi wa visima wa Cheyo, mjini Tabora. Inamahoro alimwajiri kwa sababu ya kamba zake na utulivu wake. Lakini sasa utulivu ule ulikuwa umemtoka. Alikuwa akivua buti.

"Unafanya nini, kaka Adinani?"

"Kamba bado imeshika. Nitaikamata, nijivute chini ya maji mpaka upande wa pili. Koo si refu. Nikitoka nitaleta watu."

"Maji yanaingia kwa nguvu. Utakuwa unajivuta ukipingana nayo."

"Najua."

"Basi tungoje. Kibaraza kiko juu. Yatapungua."

Adinani alisimama na buti moja mkononi. Uso wake ulikuwa umekauka.

"Nilikuwa na mdogo wangu, Mussa. Kisima kilimfukia kule Goweko, kifua kipo nje, miguu ipo ndani. Nilikuwa juu yake. Nikamwambia tulia, ngoja, watu wanakuja na majembe. Akatulia mpaka udongo ukamfunika. Alikuwa msikivu sana yule." Aliweka buti chini. "Sitangoja, dada."

Inamahoro alisogea ukingoni. Alimulika ukuta wa chumba cha chini. Tope la mafuriko ya miaka ya karibuni lilikuwa limeupaka mwamba rangi ya kahawia, likakoma chini kidogo ya kibaraza. Juu ya hapo kila kitu kilikuwa cheupe.

"Tazama. Tope linaishia pale. Halifiki hapa."

"Hilo ni la jana na juzi," Adinani alisema. "Niambie la zamani. Si ndiyo kazi yako? Jiwe hili lipo hapa tangu babu wa babu zetu. Maji yamewahi kulifunika, au hayajawahi?"

Lilikuwa swali la haki, na jibu lake Inamahoro alikuwa amelibeba mgongoni. Alipiga magoti, akaufungua mche. Ulikuwa mnene kama mche wa sabuni na mrefu kama mkono tangu kiwiko hadi vidoleni. Aliulowesha kwa kiganja ili rangi zijitokeze, akausogeza chini ya taa akianzia kichwani. Nyeupe. Nyeupe yenye umanjano. Kisha, upana wa vidole vitatu kutoka juu, akauona mstari wa kahawia, mwembamba kama uzi.

Alijua ni nini. Tope haliingii ndani ya jiwe kwa njia nyingine. Maji yalipanda mpaka yakakifunika kichwa cha nguzo, yakatua tope lake pale, yakashuka. Matone yakaendelea kudondoka, yakalifunika tope kwa chokaa mpya. Na kama kichwa cha nguzo kilizama, mtu aliyesimama kando yake angebakiwa na nini? Pengo dogo la kupumua chini ya dari, kama maji yalikoma hapo.

"Umeona kitu," Adinani alisema.

"Mara moja. Yalifika mara moja."

"Lini?"

Alipiga hesabu kichwani. Mwaka uliotangulia alichukua kipande ubavuni mwa nguzo, kina kile kile ambako mche ulikomea, na maabara ilisema kina miaka elfu kumi hivi. Ukiigawanya miaka hiyo sawasawa kwenye urefu wa mche, vidole vitatu vilitoa jibu.

"Zaidi ya miaka elfu moja."

"Una hakika?"

Mwanafunzi wake angemwandikia hesabu ya namna ile, angeipiga mstari mwekundu. Jiwe halioti kama mahindi shambani. Laweza kulala miaka elfu likiwa kavu, halafu likaamka na kukimbia. Bila kupima mstari wenyewe, hakuna aliyejua. Lakini Adinani alikwisha kukaa ukingoni, miguu ndani ya maji, na mkono wake ulikuwa unaitafuta kamba.

"Nina hakika," Inamahoro alisema.

Mkono wa Adinani uliacha kuitafuta kamba. Kisha akatoa miguu majini, akavaa buti zake, akaegemea ukuta.

Ndipo ukaja ule muda ambao Inamahoro hakupenda kuusimulia baadaye. Maji yalipanda bila kelele sasa, kwa kuwa koo lilikuwa limezama kabisa na mngurumo ulikuwa umenyamaza. Yaliufikia mwisho wa alama ya tope ukutani, yakaipita. Yalifika ukingoni mwa kibaraza, yakatambaa juu yake kama yanapeleleza, yakaingia kwenye buti. Walizima taa moja wakabaki na nyingine. Hewa ikawa nzito na masikio yakaziba.

Magotini. Adinani alianza kusoma Yasini kwa sauti ya chini. Inamahoro alikuwa na rozari shingoni, akaishika bila kuhesabu punje, akisali kwa Kirundi kama alivyofundishwa na mama yake.

Mapajani. Adinani akakatiza kisomo.

"Miaka elfu, dada?"

"Elfu."

Aliendelea kusoma. Inamahoro aliweka kiganja juu ya kichwa cha nguzo na kukiacha hapo, ili ajue kwa ngozi, wala si kwa macho. Alikuwa akifikiri kwamba amemzuia mtu huyu asijiokoe, kwa neno moja ambalo hakuwa nalo. Alifikiri pia kwamba akilikanusha sasa, itakuwa ni kumtupa majini wakati kamba yenyewe haionekani tena. Aliliacha neno lilivyo. Maji yalikuwa ya baridi kuliko alivyodhania maji ya nchi ile yanaweza kuwa.

Yalifika kiunoni. Yaligusa ncha za vidole vyake. Yakakaa hapo.

Wote wawili walikuwa wameacha kusali. Muda mrefu ulipita kabla Inamahoro hajahisi vidole vyake viko hewani tena, na muda mwingine kabla hajakubali kwamba si yeye aliyeinua mkono.

"Yanashuka," Adinani alisema. Kisha akalia, taratibu, uso ameugeuzia ukutani.

Koo lilipofunguka walisikia mapanga. Baba mdogo wa Inamahoro, Aleksi, aliyekuwa na shamba la tumbaku pale Isenda, alikuwa upande wa pili na wanaume wa kijiji, wanakata mti. Mgunga mzima, na mizizi yake, ulikuwa umesukumwa na mto ukajikunja ndani ya koo, miiba imejaa kutoka ukuta hadi ukuta. Walitumia muda mrefu kuukata kuliko ule ambao maji yalitumia kushuka. Adinani alipotoka aliuangalia mti ule, akaigusa miiba yake, halafu akamtazama Inamahoro. Naye Inamahoro aliinamisha macho.

Hadithi haikukaa Isenda. Adinani aliisimulia kwenye vijiwe vya kahawa mjini Tabora, akaisimulia sokoni, akaisimulia tena Isenda alipokuja kuchukua kamba zake. Jiwe lilimwambia dada: maji makubwa kuliko haya huja mara moja kwa miaka elfu. Na dada akasema ana hakika, na ikawa.

Watu wa Isenda walikuwa wakiibishania sehemu ya kujenga kigango, kanisa lao dogo la kijiji. Baadhi walitaka juu, kilimani, wengine bondeni karibu na maji na nyumba mpya. Aleksi alikuwa mwenyekiti wa kamati. Siku ile mto ulifurika ukalilamba bonde ukingoni, lakini uwanja wa kigango haukuguswa. Basi, walisema, kama haya ndiyo makubwa, na makubwa zaidi ni ya miaka elfu, tunaogopa nini? Wakachimba msingi bondeni. Familia kadhaa zikasogeza nyumba zao karibu. Mama mdogo Eustadia, mdogo wa mama yake aliyekaa Isenda, ndiye aliyempigia Inamahoro simu kumpa habari hiyo, kwa furaha, kama mtu anayemshukuru.

Majibu ya maabara yalimfikia Inamahoro miezi kadhaa baadaye, akiwa ofisini Dar es Salaam. Aliyasoma mara ya kwanza akiwa amesimama, mara ya pili amekaa. Nguzo ilikuwa imelala. Kwa maelfu ya miaka nchi ilikauka, matone yakakatika, jiwe halikuota hata unywele. Kisha mvua zilirudi, likaamka na kuota haraka, na vile vidole vitatu vya juu vyote vilikuwa vya juzi. Mstari wa tope ulikuwa na umri wa miaka mia moja arobaini na kitu: zama za misafara, miaka ile Ziwa Tanganyika lilipojaa hata likafurika. Tena walipoukata mche kwa msumeno mwembamba, chini ya mstari ule walikuta mingine miwili ambayo macho hayakuiona. Maji yalikifunika kichwa cha nguzo mara tatu katika karne chache.

Alipanda basi la asubuhi kwenda Tabora.

Adinani alimpokea kibarazani kwake Cheyo. Mkewe, Kuluthumu, alileta chai ya tangawizi na mikate, akawaacha. Inamahoro hakugusa kikombe. Alieleza kuanzia mwanzo, pole pole, na Adinani hakumkatiza.

"Kwa hiyo si elfu," alisema mwishoni.

"Si elfu."

"Na siku ile ulijua?"

"Sikujua. Nilikisia. Ulipouliza kama nina hakika, sikuwa nayo."

Adinani aliisogeza sahani ya mikate, akairudisha ilipokuwa. Mtaani fundi mwingine alikuwa akigonga bati, akaacha, akaanza tena.

"Ungeniambia hujui, ningepiga mbizi."

"Ndiyo."

"Ningekutana na ule mgunga."

"Pengine."

"Si pengine, dada. Niliigusa ile miiba kwa mkono wangu." Aliteremsha sauti. "Sijui nikushukuru au nikukasirikie. Mimi watu wote nimewaambia elfu. Mjomba wangu, imamu, dereva wa bodaboda. Nimewaambia watu wa Isenda, na wamejenga."

"Ndiyo maana nimekuja. Nakwenda kwao kesho."

"Utakwenda na mimi. Walilisikia kinywani mwangu, si mwako."

Walifika Isenda jua likiwa limepanda. Kuta za kigango zilikuwa zimefika kiunoni. Wanawake walikuwa wakipanga tofali, na Aleksi alikuwa amesimama juu ya msingi na uzi wa fundi mkononi.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuliona kanisa lako?"

Alimwambia. Adinani akasimama kando yake, na watu walipoanza kuguna akasema, "Mimi ndiye niliyewaletea ile elfu. Leo nimekuja kuichukua. Si kweli."

Aleksi aliuacha uzi uanguke. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi.

"Nilifika nchi hii mwaka wa sabini na mbili, nimebebwa mgongoni. Tukaambiwa kaeni hapa, tukafyeka msitu. Baadaye tukaambiwa mtaondoka, tukakaa miaka na mizigo imefungwa. Halafu tukaambiwa ninyi ni raia, kaeni. Hili ndilo jengo la kwanza nililojenga nikijua hakuna atakayenihamisha. Na sasa unakuja wewe, damu yangu, unaniambia nihame."

"Sikuhamishi, baba mdogo. Nakwambia nilichokiona."

"Safari ya kwanza pia uliniambia ulichokiona."

Mwanamke mmoja, Apolinaria, kiongozi wa akina mama waliofyatua zile tofali, alijipangusa mikono kwenye kanga.

"Hayo maji yatakuja lini?"

"Sijui," Inamahoro alisema. "Yawezekana mwakani. Yawezekana wajukuu zetu wasiyaone. Ninachojua ni kwamba yamekuja mara tatu, na kila yalipokuja, hapa tuliposimama palikuwa chini ya maji."

"Safari hii unasema hujui," Apolinaria alisema.

"Sijui."

Apolinaria alilitazama lile tuta la tofali. Lilikuwa kazi ya kiangazi kizima. Aliinama, akachukua mbili, akaziweka kichwani, akaanza kupanda kilima. Wengine walimtazama tu. Baadaye walifuata wawili, kisha watano. Aleksi hakubeba kitu siku ile. Alikaa juu ya msingi wake mpaka jioni, na Inamahoro alipomwendea kumuaga hakuitikia.

Kigango kilijengwa juu. Familia tatu zilirudisha nyumba zao, nyingine zilikataa katakata. Masika yaliyofuata Inamahoro alikuwa akiamka Dar es Salaam na kutazama utabiri wa mvua kabla hajanawa uso. Mto Isenda ulijaa kidogo, ukapungua. Maji hayakufika bondeni. Hayakufika mwaka uliofuata pia, na nyasi ziliota ndani ya msingi wa zamani, mbuzi wakawa wanalala humo.

Alipokwenda Isenda kumzika Eustadia, alimkuta Aleksi njiani akipanda kilima na ndoo ya maji ya kufanyia usafi kanisani. Alikuwa amezeeka. Walikuwa hawajazungumza vizuri tangu siku ile.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba." Alisimama kuvuta pumzi. "Miaka miwili. Jiwe lako limetupandisha mlima bure."

Inamahoro aliishika ndoo, na baada ya kusitasita Aleksi akaiachia.

"Naomba iwe bure kila mwaka," Inamahoro alisema.

Mzee alitangulia mbele, polepole, akimwonyesha mahali ambapo mawe ya njia yamelegea ili asiteleze.